Picha ya Bure Ina Wenyewe Wawili

 

Somo la safari hii limetoka kwenu. Vikundi kadhaa vya Balambala, Saka na Sankuri vimetuuliza swali moja: "Tunataka picha za kutia kwenye ripoti, kwenye kalenda, na kwenye barua ya kuomba pampu. Mpiga picha wa mjini anataka pesa. Je, picha za bure zinapatikana wapi?" Makatekista wa Garissa mjini nao wameuliza hivyo hivyo, maana wanataka picha za kuwafundishia watoto hadithi za Biblia.

Jibu fupi ni kwamba picha za bure zipo, tena nyingi. Lakini kabla ya kuwaonyesha zilipo, hebu tuwasimulie yaliyotupata sisi wenyewe, ili mwanzie pale ambapo sisi tulichelewa kufika.

KUSUDI LA SOMO

Mwisho wa somo hili kikundi kiweze: (a) kujua ni picha gani ya bure inayoweza kutumika na kwa masharti gani, (b) kuomba idhini ya anayeonekana kwenye picha, (c) kuanza daftari la picha la kikundi. Somo ni la saa moja na nusu. Anayejua kusoma awasomee wenzake kwa sauti, na mwingine atafsiri kwa Kisomali panapohitajika.

1. KISA CHETU

Miaka kadhaa iliyopita tulitembelea kikundi cha kina mama wanaolima vitunguu na ndizi kando ya Mto Tana. Pampu ilikuwa imefika juzi tu, na maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji. Mama mmoja mzee, ambaye sote tunamwita Ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, alikuwa ameinama na jembe lake. Akainua uso, akacheka. Tukapiga picha.

Ilikuwa picha nzuri sana. Tuliitia kwenye ripoti ya mwaka, kisha tukaiweka kwenye mtandao pamoja na maneno kwamba yeyote anaweza kuitumia bure. Tulidhani tunafanya wema. Si sisi pia tulikuwa tumetumia picha za bure za watu wengine?

Mwaka wa pili, jamaa yake aliye Eastleigh, Nairobi, akaletewa kwenye simu kijikaratasi cha kikundi kimoja cha ng'ambo kinachochangisha pesa za uinjilisti. Juu yake ulikuwa uso wa Ayeyo. Chini yake yaliandikwa maneno kwamba watu wa nchi hii kame wamepokea imani mpya.

Ayeyo ni Mwislamu, mtu wa swala tano. Marehemu mumewe alikuwa akiadhini msikitini.

Habari ilifika kijijini kabla yetu. Mkwewe akauliza. Wazee wakauliza. Yeye akaacha kuja shambani msimu mzima, na binti zake wawili wakaacha pamoja naye, na wengine nao wakaogopa. Kikundi kilikuwa na wanachama kumi na wanane. Vitunguu vya msimu ule vilivunwa na watu tisa.

Tulikwenda tukaketi mkekani kwake. Chai ililetwa, lakini yeye hakunywa pamoja nasi. Akasema, "Binti yangu, mlinipiga picha nikimwagilia vitunguu. Nani aliwaambia nimewapa na uso wangu mwende nao sokoni?"

Tukamjibu, "Ayeyo, hatukukuuliza. Tumekosa." Hatukuwa na jibu lingine.

Wenye kijikaratasi waliandika uongo, na uongo huo ni wao. Lakini picha hawakuiba. Tuliwaambia ni ya bure, wakaichukua bure. Mlango tuliufungua sisi. Tuliwaandikia barua, nao wakaitoa picha ile kwenye mtandao wao. Karatasi zilizokwisha kugawanywa hazikurudi. Tulisimama mbele ya wazee na chifu tukaeleza jinsi mambo yalivyokwenda, na msimu uliofuata Ayeyo alirudi shambani. Hadi leo ni mwanachama. Lakini kila tukifika na simu mkononi, huvuta shungi usoni kwanza, ndipo hutusalimia.

Safari hii tulimwuliza. Ametukubalia tusimulie kisa hiki, kwa sharti tusitaje jina lake wala kijiji chake.

2. WENYEWE WAWILI NI NANI?

Kila picha ya mtu ina wenyewe wawili.

Mwenyewe wa kwanza ni aliyeipiga. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mpiga picha tangu picha inapopigwa, hata kama hakuandika jina lake popote. Ulinzi huo hudumu miaka 50. Kwa hiyo kusema "niliitoa kwenye Google" si jibu. Google ni kama mtu anayekuonyesha maduka yaliko. Yeye kukuonyesha duka si kukupa bidhaa.

Mwenyewe wa pili ni anayeonekana ndani ya picha. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema habari za mtu zishughulikiwe kwa njia ya halali, na picha yake ni mojawapo ya habari hizo. Kwa mtoto, idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Haya si maneno ya karatasi tu. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya Sh 4,550,000 kwa sababu ilitangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hizo ni pampu ngapi, ndugu zangu?

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo kiini cha somo: mpiga picha anaweza kuwapa haki yake bure. Hawezi kuwapa haki ya mwenye uso. Neno "bure" mnaloliona kwenye mtandao kwa kawaida limetoka kwa mwenyewe wa kwanza peke yake.

3. MAHALI PA KUPATA PICHA ZA BURE

Mwanakikundi mwenye simu nzuri, au kijana atakayekwenda saiba Garissa mjini, anaweza kupata picha mahali hapa:

Wikimedia Commons. Ni ghala la picha lililoanzishwa mwaka 2004, na sasa lina mafaili zaidi ya milioni 100. Uzuri wake ni kwamba kila picha ina ukurasa wake unaoonyesha aliyeipiga na masharti yake. Someni ukurasa huo kwanza.

Unsplash, Pexels na Pixabay. Hapa picha hutolewa bure, na hakuna lazima ya kumtaja mpiga picha, ingawa kumtaja ni adabu njema. Masharti yapo: msiiuze picha jinsi ilivyo, wala msiitumie kana kwamba mtu anayeonekana anakubaliana na kazi yenu.

FreeBibleimages. Hili ni shirika la hisani la Uingereza linalotoa picha za hadithi za Biblia kwa mfululizo, za kufundishia. Makatekista, hapa ndipo penu. Kila mfululizo una masharti yake, basi yasomeni.

Maktaba ya teolojia ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani. Humo mtapata picha zinazoitwa Vie de Jésus Mafa. Hizi zina historia nzuri. Katika miaka ya 1970, Wakristo wa jamii ya Wamafa kaskazini mwa Kameruni waliigiza matukio ya Injili kijijini kwao. Wakapigwa picha, kisha wachoraji wakachora kwa kufuata picha zile. Kwa hiyo Yesu, Maria na wavuvi wana sura za Kiafrika, na mji ni kijiji cha nyasi na udongo. Zinatumika kwa kazi isiyo ya biashara.

Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Mwaka 2017 liliachilia picha za vitu vyake kama 375,000 zitumike bila sharti. Humo mna michoro ya zamani ya watakatifu na ya Injili.

Mkitafuta kwa Google, fungueni sehemu ya zana kisha haki za matumizi, mchague leseni za Creative Commons. Hata hivyo, nendeni mpaka ukurasa wenyewe wa picha mhakikishe.

Jambo la kuangalia: mtandao haujui Balambala. Tulipotafuta picha ya ngamia kwa ajili ya bango la mifugo, ikatujia ya ngamia mwenye nundu mbili, ambaye ni wa Asia. Mzee mmoja aliitazama akasema, "Huyu wa kwenu amembeba mwanawe mgongoni?" Tulicheka wote. Lakini bango lile lingetundikwa, nani angeamini mengine yaliyoandikwa hapo? Kabla ya kutumia picha ya mtandao, mpeni mzee mmoja na mama mmoja waiangalie: miti, mavazi, mifugo, udongo.

4. HERUFI ZA RUHUSA

Picha nyingi za bure zina herufi za Creative Commons, mpango uliotoa leseni zake za kwanza mwaka 2002. Ziandikeni ubaoni:

BY: mtaje aliyepiga picha.
SA: ukitengeneza kitu kipya kutokana na picha hiyo, nacho ukitoe kwa masharti hayo hayo.
NC: isitumike kwa biashara.
ND: usitoe kwa watu picha uliyoibadilisha.
CC0: mwenyewe ameachilia haki zake, itumieni bila sharti.

Herufi huunganishwa. Kwa mfano, CC BY-NC maana yake ni mtaje mwenyewe, wala usifanyie biashara. Kikundi kinachochapisha kalenda za kuuza kwenye harambee kijihadhari na NC, hata kama pesa ni za kisima. Chagueni picha nyingine isiyo na herufi hizo, mlale usingizi.

Kumtaja mwenyewe ni rahisi. Chini ya picha andikeni: "Picha: (jina lake), Wikimedia Commons, CC BY-SA 4.0." Mstari mmoja tu.

5. MWENYE USO

Sasa turudi kwa mwenyewe wa pili. Huku kwetu mambo yake ni mazito kuliko kwingine, na sababu mnaijua. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa mjini yalishambuliwa watu wakiwa ibadani. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mkristo anayeonekana akisali, na chini yake jina lake na mahali anaposalia, amewekwa hadharani kwa watu asiowajua. Mwislamu anayeonekana kwenye gazeti la kanisa anaweza kudhaniwa ameacha dini yake, kumbe alikuja kwa ajili ya maji tu. Wote wawili ni jirani zetu, na wote wawili wanaweza kuumia kwa picha tuliyoipata bure.

Basi tufuate kanuni hizi:

Kwanza, omba kabla ya kupiga, si baada. Muulize mwenyewe, si mwenyekiti kwa niaba yake. Mtu asiulizwe mbele ya mfadhili au gari la mradi likiwa limesimama pale. Mwenye njaa hawezi kukataa mbele ya mwenye unga.

Pili, mweleze itakwenda wapi. Ripoti inayokaa ofisini ni jambo moja. Mtandao ni jambo lingine, maana humo haitoki tena. Mtu anaweza kukubali la kwanza akakataa la pili.

Tatu, akikataa, asante. Asikatwe kwenye orodha ya mradi kwa sababu hiyo.

Nne, watoto wapigwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, na jina la mtoto lisiandikwe kamwe. Picha ya mtoto mwenye utapiamlo, au uchi, au analia, hatuitaki, hata kama inavuta pesa. Mtoto huyo atakua, na picha itakuwa bado ipo.

Tano, tangazeni ukweli. Andikeni mahali na mwaka, isipokuwa pale usalama wa mtu unapokataza. Picha ya mizoga ya ng'ombe ya ukame wa 2022 isitumike leo kama vile ni ya juzi. Picha ya mafuriko ya Tana ya mwaka 2024 isitiwe kwenye barua ya mwaka mwingine. Mfadhili akigundua mara moja, hataamini hata shida yetu ya kweli.

Sita, zimeni alama ya mahali kwenye kamera ya simu. Simu nyingi huweza kuandika ndani ya picha pale hasa ilipopigwa, na anayejua huweza kusoma.

6. PICHA ILIYO BORA NI YENU

Baada ya kutafuta kote, tumerudi nyumbani. Picha ya bure iliyo bora kwa kikundi ni ile mliyoipiga wenyewe, kwa simu ya mmoja wenu, kwa idhini. Wale waliopitia mafunzo ya DELTA watakumbuka kwamba picha ni kifaa cha kazi. Anne Hope na Sally Timmel walipoyaanzisha mafunzo hayo hapa Kenya katika miaka ya 1970, wakifuata mawazo ya Paulo Freire wa Brazili, kikundi kilionyeshwa picha ya maisha yake chenyewe kikaulizwa: Mnaona nini? Kwa nini iko hivyo? Tufanye nini? Mtu akiona mfereji wake umeziba, huzungumza. Akiona mfereji wa Ulaya, husifu tu.

Na si lazima uso uonekane. Pigeni mikono ikifunga vitunguu. Pigeni mkokoteni wa punda na mitungi yake. Pigeni kina mama kwa nyuma wakielekea mtoni asubuhi. Pigeni bomba likitoa maji. Picha kama hizi zinaeleza kazi yenu yote, na hakuna mtu atakayeulizwa na mkwewe.

Mambo ya ufundi ni machache. Pigeni asubuhi au jioni, maana jua la saa sita hufanya nyuso kuwa nyeusi. Jua liwe mgongoni kwa mpiga picha. Sogeeni karibu kwa miguu, msivute kwa kidole. Kwa kuchapisha picha ya upana wa sentimita 10, inatakiwa iwe na upana wa kama pikseli 1,200. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha, ndiyo sababu zikichapishwa huwa na ukungu, basi itumeni kama hati, si kama picha. Lakini kumbukeni: ikienda kama hati, alama ya mahali nayo huenda pamoja nayo. Ndiyo maana tumesema izimwe mapema.

7. DAFTARI LA PICHA

Nunueni daftari la kawaida la shule. Mwandishi wa kikundi apige mistari na aandike kwa kila picha:

Namba ya picha.
Inaonyesha nini, wapi, lini.
Aliyeipiga, au mahali ilipotolewa na herufi zake za ruhusa.
Anayeonekana amekubali? Kwa matumizi gani?
Sahihi au alama ya kidole.
Imetumika wapi.

Mstari wa nne ukiwa mtupu, picha haitoki. Na mwanakikundi akibadili nia baadaye, andikeni tarehe, mwiondoe picha pale mnapoweza. Ana haki ya kubadili nia.

Sisi tunalo daftari hilo sasa. Ukurasa wa kwanza una picha moja tu, ya mikono iliyokunjamana imeshika vitunguu vitatu vyenye udongo. Kwenye mstari wa nne imeandikwa: "Amekubali. Ripoti na gazeti. Mtandao hapana." Pembeni kuna alama ya kidole gumba. Hatuna haja ya kuwaambia ni cha nani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, kuna picha yetu iliyowahi kutumika bila sisi kujua? Tulijisikiaje?
2. Mgeni wa mradi akija na kamera, nani katika kikundi chetu atasimama amwambie masharti yetu?
3. Ni nani kati yetu anaogopa kukataa kupigwa picha? Kwa nini?
4. Kama tungekuwa na picha moja tu ya kueleza kazi yetu, ingekuwa ya nini?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila kikundi kipige picha tatu zisizoonyesha uso wa mtu, na moja yenye uso kwa idhini iliyoandikwa. Zileteni pamoja na daftari. Tutaketi chini ya mti tuziangalie, na tuanze na lile swali la zamani: mnaona nini?

Mungu awabariki nyote, mvua ije kwa kiasi chake, na mto ubaki kingoni mwake.